Kinyozi wa Ishirini

Jumamosi hiyo kinyozi alikuwa na wateja saba kwenye benchi na redio imefunguliwa mpaka mwisho, mwanamke mmoja alipoingia na faili kifuani. Gauni la rangi ya udongo, viatu vya chini, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Wanaume wote wakageuka kumtazama.

"Dada, hapa hatusuki," kinyozi alimwambia.

"Sikuja kusukwa. Natafuta vinyozi ishirini wanaojua kusikiliza."

"Kusikiliza ndiyo kazi yangu. Kunyoa ni kisingizio tu."

Mwanamke akacheka. Alikuwa mtafiti wa afya ya akili, wa chuo kikuu. Wanaume wengi hawaendi kliniki, alieleza, lakini kwa kinyozi wanakwenda. Alitaka kuwafundisha vinyozi kumtambua mteja aliyeelemewa, kumsikiliza bila kumhubiria, kisha kumfikisha kwa wataalamu. Kila Jumanne angepita washauriane. Kinyozi akasaini fomu ya ridhaa, akawa namba ishirini.

Kwa kusikiliza, kinyozi huyu aliwapita wenzake wote. Mteja wake mmoja, fundi friji, aliyekuwa hali wala halali tangu afiwe na mkewe, alimshika mkono akamsindikiza mpaka mlangoni pa kliniki. Jumanne zikazidi kurefuka, zikazaa simu za mchana.

"Umekula, Profesa?"

"Bado sijawa profesa."

"Kwangu ulishakuwa. Umekula?"

"Nikila utaacha kupiga?"

"Basi shinda njaa, mpenzi."

Neno lilimponyoka. Upande wa pili ikajibu sauti ndogo: "Hebu liseme tena."

Tangu siku hiyo mtafiti alikuja bila daftari lake la utafiti. Kinyozi aliona ni mapenzi tu.

Siku ya mtafiti kutetea utafiti wake chuoni, kinyozi aliazima suti ya kaka yake na kwenda na fundi friji. Mtafiti akasimama mbele ya jopo.

"Vinyozi kumi na tisa," alisema, akataja mitaa yao mmoja mmoja. Mtaa wa kinyozi haukutajwa.

Kumbe mbele ya wasomi wenzake anamwonea haya! Ilimuuma sana. Akatoka kabla ya makofi, na simu ilipolia mara kumi na moja hakupokea.

Jumamosi iliyofuata alikuwa amemnyoa fundi friji nusu ya kichwa, mlango ukafunguka, mtafiti akaingia.

"Mbona hupokei simu?"

"Si umenifuta? Unampigia nani?"

"Nilikutoa kwenye utafiti siku ile uliponiita mpenzi," mtafiti alisema, benchi zima likisikiliza. "Kazi yetu ina sheria: humtafiti unayempenda, utamwandikia mazuri matupu. Ilibidi nichague, nikakuchagua wewe."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia. Nimefundisha watu ishirini kusikiliza, mwenyewe nikashindwa kusema. Nisamehe."

Mashine ilikuwa bado inanguruma mkononi. Kinyozi akaizima.

"Na jopo?"

"Walitaka kuukataa utafiti. Wakaniuliza: uliahidi ishirini, wa ishirini yuko wapi? Nikawajibu wazee sita wenye miwani: nampenda, ndiyo maana hayumo."

"Na mimi nikasimama," fundi friji alidakia kutoka kitini. "Nikawaambia nani alinishika mkono. Wewe ulishakimbia na suti ya watu. Mengine nikamwachia mwenyewe aje akwambie."

"Wameupitisha!" mtafiti alisema, machozi yakimlengalenga. "Tunakwenda kwa vinyozi mia mbili. Na jopo lenyewe limekutaka uwe mwalimu wao."

Benchi likalipuka kwa shangwe. Mtafiti akafungua faili na kutoa fomu namba ishirini, imepigwa mstari mwekundu. "Hii ni yako. Nimekurudishia."

Kinyozi akaigeuza, akaandika nyuma yake. Akampa.

"'Nakubali kuolewa na kinyozi wa ishirini,'" mtafiti alisoma taratibu. Akakunja uso. "Kuna sentensi imekosekana. 'Mshiriki ana haki ya kujitoa wakati wowote.'"

"Hiyo nimeiacha makusudi."

Mtafiti akachomoa kalamu kwenye nywele, akasaini.

"Hongera, shemeji," fundi friji alisema. "Sasa mwambie bwana wako amalizie, kichwa changu kiko nusu."