Bango la Fungate

Ndege mbili zilikuwa zimetua kwa pamoja, na ukumbi wa wanaowasili ukajaa masanduku, marashi na watoto wenye usingizi. Katikati ya msukumano alisimama mkatisha tiketi wa ofisi ya safari, blauzi yake ya samawati imepigwa pasi ikakubali, mikono juu, ameshika kibao chenye majina ya wageni wake. Kijana mwenye sare ya hoteli, naye na kibao chake, akamsogelea.

"Dada, wageni wako wanatembea kwa mikono?"

"Kwa nini?"

"Kibao umekipindua."

Akatazama. Kweli! Alitamani ardhi ipasuke, lakini kicheko kikamtangulia.

Kumbe kijana ndiye mpokezi wa ile hoteli aliyokuwa akiipelekea wateja mwaka mzima. Tangu siku hiyo simu ya ofisi haikupoa.

"Hoteli hapa. Nathibitisha chumba cha wageni wa kesho."

"Si umeshathibitisha asubuhi, Mapokezi?"

"Asubuhi nilithibitisha chumba. Sasa nathibitisha sauti yako, Tiketi wangu."

Naye hugeukia dirishani, bosi asimwone meno yote nje.

Mapenzi na kikohozi hayafichiki. Mama yake Tiketi akasema, "Huyo anayekuchekesha kwenye simu, mlete Jumapili nimwone."

Ijumaa yake, hoteli ikatuma bango jipya la kubandika kwenye kioo cha ofisi. Tiketi akalikunjua. *Fungate tamu huanzia hapa.* Chini ya maneno hayo alikuwa Mapokezi mwenyewe, koti jeusi, tai nyekundu, amemkumbatia mwanamke mwenye shela na gauni jeupe. Wanatazamana hao, utadhani dunia imebaki yao wawili!

Akalitupa mezani. Simu ikalia.

"Tiketi wangu, mama anapenda maua au matunda?"

"Ofisi ya safari. Tukusaidie nini?"

"Ni mimi, mpenzi."

"Mpeleke mkeo huko kwenye fungate, mwachie mama yangu Jumapili yake." Akakata. Jioni alimwambia mama asipike kwa ajili ya mgeni, akaingia chumbani na kuulowesha mto kwa machozi.

Kesho yake mchana, mlango wa ofisi ulifunguliwa. Aliingia Mapokezi, macho mekundu, na nyuma yake yule yule mwanamke wa kwenye bango, safari hii amevaa aproni yenye unga.

"Ndiye huyu?" mwanamke akauliza. "Mdogo wangu, mimi naoka keki pale hotelini. Eti niolewe na huyu anayezidokoa? Aliyepiga hiyo picha ni mume wangu!"

"Waliokodiwa kupigwa picha hawakutokea," Mapokezi akasema. "Meneja akatushika sisi. Kazi ya hoteli ndiyo hiyo, pengo likitokea unaliziba."

"Na mimi hukuniambia?"

Akainamisha kichwa. "Niliona haya. Koti lilikuwa la meneja, limenibana mpaka likaachia mshono mgongoni. Suruali yake haikunipita mapajani, nikabaki na kaptura ya mazoezi."

"Yenye tundu," mwoka keki akaongeza.

Tiketi akalitazama bango upya. Picha ilikuwa imekatwa kiunoni. Alijaribu kununa, midomo ikamsaliti. Alicheka mpaka machozi, na Mapokezi akaweka mkono juu ya mkono wake.

"Mwakani watataka picha nyingine. Safari hii sitaki bibi harusi wa kuazima. Utasimama na mimi? Si kwa picha tu. Kwa maisha."

"Na suruali utavaa?"

"Ya kwangu mwenyewe."

"Basi Jumapili uje. Mama anapenda matunda."

Akalichukua bango, akalibandika kwenye kioo, akarudi nyuma kulitazama.

"Mpenzi," Mapokezi akanong'ona, "umelipindua."

"Najua. Likae hivyo hivyo mpaka uniletee lenye sura yangu."