Mtarakwa wa Tapkigen

Caren alikuwa ameinama chini ya ng'ombe, ndoo ikiwa nusu, binti yake Fancy alipofika mbio bila viatu.

"Mama, Kogo ametoka kwa nyumba mpya. Amekaa kwa mvua na blanketi."

"Kwa nini?"

"Anasema ukuta unanuka maziwa. Na kuna mtu ndani yake."

Caren aliendelea kukamua. Hakuuliza ni ukuta upi.

Nyumba hiyo ya magogo alimjengea Kogo, mama mkwe wake, na ilikuwa na wiki tatu tu. Fundi Ogeto, Mkisii, alikuwa amemweleza vizuri. Mkaratusi hupasuka. Saiprasi inafaa kuta, ikitolewa maganda na kukaushwa. Lakini gogo la chini kabisa, linalolalia msingi, liwe mtarakwa, kwa sababu mchwa hawali mtarakwa. Tena kuna njia mbili: kupigilia magogo kwenye nguzo, au kuyachonga pembeni yaumane bila msumari. Caren alitaka ya kuumana. Ilipendeza.

Mtarakwa ulikosekana Roret nzima. Basi Jumapili moja, watu wakiwa kanisani, alimwita mtu wa msumeno wa petroli wakakata wa Tapkigen.

Tapkigen alikuwa jirani, mwanamke mzee asiye na mtoto. Wanawake wengine kama yeye, kwa mila ya Kikipsigis, walioa msichana awazalie, nyumba isizimike, lakini ng'ombe wake alikuwa mmoja, hakutosha mahari. Akapanda mtarakwa, akauita mwanangu, akaumwagia maziwa kila asubuhi, akazikwa chini yake. Shamba likawa pori. Hakuacha mtu wa kuuliza, na ndiyo sababu Caren alithubutu. Nyumbani alisema gogo limetoka Londiani.

Ogeto aliitwa, akaja na mtaimbo, akicheka. "Mama Fancy, ni panya. Panya wa Roret wanapenda mali mpya."

Aliinama ukutani, kicheko kikaisha. Harufu ya maziwa mabichi ilijaa chumba, nzito, ya moto kama imetoka kwenye chuchu sasa hivi, na chini yake sauti ya mwanamke mzee ikaanza, taratibu, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto aliyelaliwa na kitu, ikitembea ndani ya gogo kutoka pembe hii hadi ile na kurudi, na kila iliporudi ilikuwa karibu zaidi na mahali Caren aliposimama.

"Anasema nini?" Ogeto alinong'ona. "Mimi Kikipsigis sijui."

"Sijui," Caren alisema.

Kogo alikuwa amesimama mlangoni, blanketi likichuruzika maji. "Unajua. Mwambie."

Uso wa Caren ulimwaka. "Anasema... mwanangu, ni nani amekulundikia hii mizigo yote?"

"Mtarakwa huu ni wa wapi?" Kogo aliuliza, ingawa macho yake yalishajua.

"Wa Tapkigen." Caren alijibu, Fancy akiwa hapo hapo akisikia. "Niliukata mimi. Niliona hana mtu."

Caren aligeukia gogo.

"Fundi, litoe," Caren akasema.

"Halitoki, mama. Ni la chini, na yote yameumana juu yake. Nikilivuta, nyumba yote inashuka."

"Basi bomoa!"

"Ukibomoa," Kogo alisema, "utalirudisha kwa kisiki liote? Umemleta mtoto kwangu, mamake amemfuata. Atakaa. Wewe utamhudumia vile unanihudumia mimi."

Jioni walikusanyika kula ndani ya nyumba hiyo. Caren alimweleza mumewe, Hezekiah, mbele ya wote, akitazama ugali. Kisha, kabla ya chakula kupakuliwa, Kogo akawaita mmoja mmoja.

"Hezekiah?"

"Nipo."

"Fancy?"

"Nipo, Kogo."

"Fundi?"

"Nipo, mama. Lakini karibu na mlango."

"Caren?"

Midomo ya Caren ilitikisika tu.

"Sijasikia."

"Nipo, Mama."

Kogo akageukia ukuta. "Tapkigen?"

Hata mvua ilionekana kungoja. Kutoka chini kabisa, pale magogo yanapolalia msingi, mtu alishusha pumzi, kama aliyeketi baada ya kutembea sana, akaitika.

"Haya, wote wako," Kogo alisema. "Caren, pakua, anza na yeye."