Mstari Mweupe Kwenye Nati

Jumamosi, saa moja na dakika kumi asubuhi, Shangazi alikuwa ameinama kukagua bomba la sinki. Halikuwa limevuja tena tangu Jumatatu, siku mpangaji wao, fundi wa mabasi, alipolikaza na kuichora nati mstari mweupe. Magoti yalimuuma. Nje, mtoto wa kaka yake akawasha gari. Halikunguruma. Lilikoroma kama paka aliyeshiba.

"Shangazi, nimeibiwa."

Kijana huyo walimwita Kishindo kwa kelele za gari lake. Ekzosi yake kubwa, bomba la moshi lenye mdomo mpana kama sufuria, jana adhuhuri ilikuwepo; sasa haikuwepo. Mahali pake palifungwa ile ya zamani, nyembamba, iliyokuwa imelala stoo. Na saa kumi jioni alitakiwa kwenye maonyesho ya magari.

"Ni Nesi," akasema. "Jumatano alisema ataikata kwa msumeno. Saa sita mchana awe ameshatoa godoro lake."

Nyumba Kishindo aliachiwa na baba yake, hivyo neno lake lilikuwa na uzito. Nesi, mpangaji wa chumba cha kati, ndio kwanza arudi kutoka zamu ya usiku. Alikaa barazani na viatu mguuni.

"Ulisema hivyo, mwanangu?" Shangazi akamuuliza.

"Nilisema. Nalala mchana, naye mchana ndio anajaribu ekzosi. Lakini mimi nafunga bandeji, sifungi nati."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Chumbani. Palikuwa kimya, nikalala kama gogo."

Hakuna wa kumshuhudia aliyelala. Shangazi akamwekea mto mgongoni, akaendelea.

Saa mbili akaja rafiki wa Kishindo, muuza rimu za magari.

"Wewe ulitaka kuinunua ile ekzosi mara mbili," Shangazi akamwambia.

"Nilitaka. Lakini Shangazi, mwizi gani anaiba halafu anakufungia ya zamani? Huyo si mwizi, ni mfadhili. Na jana saa nane mpaka saa kumi na moja mwenye mali alikuwa ndani ya gari langu, anazicheka springi zangu fupi."

"Zinachekesha," Kishindo akasema. "Gari likikanyaga ganda la karanga, linakwama."

Fundi wa mabasi akapita na mswaki na ndoo ya maji, akapiga chafya mbili.

"Mafua, baba? Na blanketi zito nililokupa?"

"Lipo, Shangazi," akajibu, akiitazama ndoo.

Shangazi alikuwa ametunza stoo ya spea za magari kazini kwake miaka ishirini na sita. Akatandika boksi chini, akalala chali taratibu chini ya gari, akamulika kwa tochi. Nati tatu ziliishika ile ekzosi ya zamani. Kila moja ilikuwa na mstari mweupe, uliotoka kwenye nati ukavuka hadi kwenye bolti. Akabaki pale kidogo. Kuinuka ilikuwa kazi.

"Fundi," akaita, "kwenu karakana mnachora mstari wa nini?"

"Ukishakaza unachora. Mstari ukikatika, nati imelegea. Nati isiyo na mstari, gari halitoki karakana."

Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

"Hata ukiiba unachora?"

"Mkono umezoea, Shangazi."

"Nyumba nzima nani mwingine anachora? Na ekzosi umeifunika kwa blanketi lako, ndiyo maana una mafua."

"Isichubuke. Iko chini ya kitanda."

Kishindo akasogea. "Mimi na wewe tunakula sahani moja. Kwa nini?"

"Alhamisi nilimkuta Nesi jikoni, kalala huku kasimama, maji yanamwagika. Akaniambia kwa usingizi nusura ampe mgonjwa dawa ya mwenzake wa kitanda cha pili. Nilikuambia mara mbili uache kelele mchana, kaka. Ulikanyaga mafuta ili nisisikike."

"Na leo ukaacha afukuzwe?"

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Godoro lingetoka langu."

Kishindo akaenda chumbani kwa fundi. Akarudi na ekzosi mikononi, imeviringishwa kama mtoto mchanga, pembe za blanketi zimefungwa kwa kamba ya viatu. Akaitazama muda mrefu. Kisha akampa fundi.

"Ifunge wewe. Na uchore."

Saa tisa na robo waliikamata milango ya gari, Kishindo huku, fundi kule, muuza rimu nyuma akilalamikia mgongo, wakalisukuma likiwa limezimwa mpaka mwisho wa mtaa.

Shangazi alifunga geti polepole. Nesi alikuwa bado barazani, amelala kitini tangu saa mbili, viatu mguuni. Hakuna aliyemwamsha kumwambia kwamba hafukuzwi tena. Shangazi akainama, magoti yakilia, akamvua kiatu kimoja, kisha cha pili.