Aliyeita Ukutani

Kilichoanza ni harufu. Nasma alikuwa akipiga deki ukumbi wa chini, adhuhuri, jua likiwaka kwenye vigae vipya, aliponusa kahawa. Si ya kunywa, ile kavu inayokobolewa, yenye vumbi la kuwasha koo. Akasimama, dekio likimchuruzika mkononi. Jengo hilo lilikuwa kiwanda cha kahawa cha Kagondo, na kilikuwa kimefungwa miaka ishirini na miwili. Mwenye mali mpya alikwisha kung'oa mitambo, akagawa vyumba vya kupangisha, na mibuni ya jirani ikafyekwa kupisha viwanja. Humo hamkuwa na hata punje moja ya kahawa.

Marehemu mumewe, Burhani, aliendesha kinu hapo hadi siku ya kufungwa. Kila jioni alirudi nyumbani na harufu hiyo kwenye shati.

Siku ya tatu ikaja na sauti ya mumewe, kutoka ndani ya ukuta.

“Mama Farida.”

“Abee,” Nasma akaitika kabla hajawaza.

Tangu hapo kila adhuhuri alikaa ameegemea ukuta ule, wakiongea kwa kunong'ona. Hakumwambia mtu. Miaka sita ya ujane ilikuwa mirefu, na sasa alikuwa na wa kumwuliza ameshindaje.

Upande wa pili wa ukuta alipanga Annastella, fundi cherehani kutoka Kashozi. Siku moja Nasma alimkuta amebandika shavu ukutani, anacheka polepole, mifupa ya shingo imemtoka, chakula kimeota ukungu kwenye sufuria.

“Unaongea na nani, mwanangu?”

“Na mama. Bado anachambua kahawa humu.” Annastella akatabasamu. “Anasema niingie, ndani kuna nafasi.”

Mama yake alikuwa kaburini mwaka wa nne. Nasma akarudi nyuma hatua moja, kwa sababu jana yake Burhani alimwambia maneno hayo hayo.

Akaenda kwa Shehe Bashiri, akamweleza yote, macho chini.

“Burhani nilimzika mimi, dada,” shehe alisema taratibu. “Wafu hawakai ukutani. Huyo ni jini. Aliwasikiliza wafanyakazi wa kiwanda, wakaondoka, akabaki na sauti zao. Nitasoma, lakini kila aliyemwitikia lazima amkane kwa kinywa chake.”

Kesho yake, baada ya sala ya adhuhuri, shehe alianza kusoma mbele ya ukuta ule, Nasma na Annastella kando yake, na harufu ikapanda hadi wakakohoa, na sakafu ikaanza kutetemeka kana kwamba vinu vyote vilivyouzwa vyuma chakavu vimerudi kuzunguka, na nyuma ya ngurumo hiyo zikasikika nyayo za wanawake, na vicheko, na mtu akiita majina ya watu waliokwisha kufa. Annastella, rozari mkononi, akalia, “Wewe si mama! Si mama!” Nyayo zikakatika.

Akabaki mmoja.

“Mama Farida, usinifukuze. Walishanifukuza hapa mara moja, waitu, tafadhali. Nitakwenda wapi?”

Nasma akamwona Burhani kama alivyokuwa mwaka ule wa kufungwa, ameketi mlangoni asubuhi na nguo za kazi, hana pa kwenda, mwezi baada ya mwezi. Akanyoosha mkono kuelekea ukutani. Kando yake Annastella naye, ingawa alikwisha kumkana, akaanza kujikokota kuelekea huko huko, macho meupe, midomo wazi.

“Mkane, dada!” shehe akanong'ona, jasho likimtiririka.

“Wewe si Burhani,” Nasma akasema, na kila neno lilimchana. “Burhani wangu amekufa.”

Ukuta ukapasuka kutoka juu hadi chini. Vumbi likatua. Harufu ikaisha. Annastella akaketi sakafuni, akaomba uji.

Jioni Nasma alikwenda kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, penye kaburi la mumewe, amwombe radhi. Alitaka kukumbuka alivyokuwa akimwita. Uso ulimjia, na maneno yalimjia. Sauti haikuja. Alifumba macho, akajaribu tena na tena hadi mbu wakaanza kumuuma, kisha akampigia binti yake aliyeolewa Mwanza.

“Farida, sauti ya baba yako ilikuwaje?”

“Mama,” Farida akasema, akianza kulia, “hata mimi tangu mchana siikumbuki.”