Mabadiliko ya Jumatatu

Alhamisi ile Joha aliingia ofisini Mtumba, Dodoma, na chapati zake mbili, hana neno na mtu. Kazi yake ni kuutunza mfumo wa kliniki za vijijini, ule unaowakumbusha wagonjwa siku zao za dawa kwa ujumbe wa simu. Kazi ya kupiga miayo, ukimwuliza mwenyewe.

Kwenye saa tano muuguzi wa Bahi akapiga simu.

"Dada Joha, wale wagonjwa wawili ambao mfumo wenu uliwaandika marehemu, juzi na jana..." Akashusha sauti. "Mlipowaandika asubuhi walikuwa wazima. Presha niliwapima mwenyewe. Adhuhuri haikuwakuta."

Joha akafungua orodha ya leo. Marehemu alikuwa mmoja: Mwanahawa Abubakari, Kondoa. Mama yake mzazi.

Akampigia. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, kimya.

Akaanza kuyapekua mabadiliko ya programu, akirudi nyuma moja moja. Ya jana, safi. Ya juzi, safi. Ya Jumatatu yalikuwa mstari mmoja tu, unaochagua nani aandikwe marehemu, na pembeni jina la aliyeuingiza: Uwesu.

Uwesu, mwenzao wa kazi, walimzika wiki tatu zilizopita. Ofisi nzima ilikubaliana isiifunge akaunti yake mpaka arobaini ipite. Nani angetaka kuwa wa kwanza kumfuta?

"Bosi," alinong'ona. "Njoo uone."

Ludovick, mkuu wao, aliinama akasoma. Jasho likamtoka, na kiyoyozi kinapuliza.

"Irudishe ya zamani. Sasa hivi."

Joha akabofya. Mfumo ukakataa. Akabofya tena. Kioo kikaandika: *Mstari huu unahaririwa na Uwesu.*

Saa sita na dakika ishirini, adhana ya adhuhuri inakaribia.

"Ifunge akaunti yake," Ludovick akanong'ona.

"Arobaini bado, bosi."

"Joha! Mama yako!"

Aliogopa, jamani. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. "Nisamehe, kaka," akasema, akaifunga. Akaurudisha mstari wa zamani. Safari hii ukakubali.

Akapiga Kondoa. Ikapokelewa.

"Shikamoo mama! Uko wapi?"

"Marahaba. Kitandani, mwanangu. Usingizi ulinichukua ghafla." Akakohoa. "Joha, nani kaingia humu ndani? Nimeamka vidole gumba vya miguu vimefungwa pamoja. Na puani nimetoa pamba."

Pamba hiyo Joha anayo, ameifunga kwenye leso. Mwezi wa tatu huu, bado inanuka karafuu maiti.