Daftari la Kope za Mwaisha

Treni ya Dar es Salaam ilikuwa imeingia Morogoro, na stesheni nzima ilinuka makaa na ndizi mbivu. Mwaisha aliinua ungo wake kuelekea dirishani kwa abiria. Ghafla mikono ikalegea, ungo ukainama. Kijana mmoja mwenye kanzu nyeupe na koti la kaki akaudaka.

"Binti, unauza ndizi au unazimwaga?"

"Nauza. Na wewe unadaka au unaiba?"

Kijana akacheka. Aliitwa Kibwana, msaidizi wa daktari Mdachi wa pale mjini. Mwaisha alikuwa amejifunga kaniki mpya, shanga nyekundu shingoni, na kope yake ya kushoto ilishuka kama ya mtu mwenye usingizi, ingawa usingizi hakuwa nao. Kibwana akaiona kope hiyo. Akauona na uso wenyewe pia, tusimsingizie.

Daktari yule alikuwa akichunguza ugonjwa wa nadra: mtu anaamka mzima, jua likipanda anaishiwa nguvu za kope, za taya, za mikono, akipumzika, zinarudi. Mgonjwa wake wa kwanza, Magdalena, alipandishwa treni akachunguzwe pwani. Hakurudi, wala barua haikuja. Kule Bigwa, nyumbani kwa Mwaisha, watu walinong'ona kwamba amekatwakatwa.

Kibwana akapeleka jembe kwa mama yake Mwaisha, kama afanyavyo Mluguru anayetaka mke, akaanza kulima shamba la mkwe. Wakati wa kupumzika walikuwa na mchezo wao, aliouanzisha Kibwana.

"Tazama kilele cha mlima ule, mpenzi, bila kushusha macho. Tuone nani mwoga."

"Leo utashindwa wewe, jeuri mkubwa."

Kila siku kope zake Mwaisha ndizo zilizoshuka kwanza.

Asubuhi moja Mwaisha aliokota koti la Kibwana lililoachwa majanini, lisije likaingiwa na siafu. Daftari likaanguka. Lilikuwa la herufi za Kiarabu, na Mwaisha alikuwa amesoma chuo cha Kurani kwa babu yake mpaka akahitimu. "Jumatatu. Kope zimeanguka kwa hesabu ya themanini. Jumanne, sabini. Muhogo umemshinda kutafuna."

Kumbe katika mchezo wote ule alikuwa akipimwa!

Siku tatu hakumpa Kibwana salamu. Mjomba wa Mwaisha, Mzee Abasi, mwenye neno la mwisho juu ya ndoa yake, akapata habari, akatamka: "Jembe lake lirudishwe." Jembe likirudi, uchumba umekufa.

Kibwana akaja mbio, kanzu imemganda mgongoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Jembe lako lile pale mlangoni."

"Mwaisha, roho yangu..."

"Usiniite roho! Unaniuza kwa Mdachi wako vipande vipande. Leo kope, kesho taya. Treni yangu ni lini?"

Kibwana akalionyesha kwa kidole daftari mkononi mwa Mwaisha. "Mwanzo nilikufuata kwa ajili ya daktari. Sikatai. Lakini mjomba, Mdachi anasoma herufi hizi?"

"Hata alifu haijui," Mzee Abasi akasema.

"Basi. Taarifa za daktari naziandika kwa herufi zake, na jina la Mwaisha halimo. Hili nimejiandikia mimi, nijue saa zake za kuchoka, nisije nikamchosha."

"Maneno matamu hayo," Mwaisha akasema. "Lisome. Lote. Kwa sauti."

Akaweka kidole chake kwenye karatasi, akakisogeza neno kwa neno, kama mwalimu asiyemwamini mwanafunzi. Kibwana akasoma: Jumatatu, Jumanne, mpaka Alhamisi. Kisha akaenda moja kwa moja Jumamosi.

Kidole hakikusogea. "Umeruka mstari."

"Huo hauhusu ugonjwa."

"Ndio ninaoutaka."

Kibwana akainama. "Ijumaa. Leo nimesahau kuhesabu. Nilikuwa nikimtazama tu."

Mzee Abasi akakohoa, akajifanya anatafuta ugoro wake. Mwaisha akalifunga daftari, akalikaza kwenye pindo la kaniki yake, na hakulirudisha.

"Mjomba, jembe libaki. Lakini harusi iwe asubuhi, jua halijapanda. Mwanamume huyu nataka nimwone kwa macho yote mawili."