Kipimo cha Mke, Kifua cha Mume

"Njoo leo saa nne, peke yako kama ulivyotaka. Mkeo hatajua. Nakubembeleza, usikatae tena."

Aliisoma meseji hiyo mara tatu, simu ya mumewe mkononi, huku mwenye simu akiwa bafuni anajimwagia maji na kukohoa kikohozi chake cha kila asubuhi. Imetoka kwa nesi wa kiwandani. Damu ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Kiwandani walimwita Kamera, na jina hilo hakulipata kwa bahati mbaya. Kazi yake ilikuwa kushona midomo ya magunia ya unga, lakini macho yake hayakuwa kwenye magunia. Yalikuwa yanaangalia nani kamsalimia mumewe, kamsalimia vipi, na kilichomchekesha ni nini. Mumewe, mwanamume mwembamba mrefu ambaye wote walimwita Ngongoti, alisimamia kinu katika chumba cha kusagia, kule vumbi la unga linakopeperuka kutwa nzima. Miaka tisa ya ndoa, na hakuna mwanamke pale kazini aliyethubutu kumwazima hata kalamu.

Wiki mbili nyuma wafanyakazi walipimwa mapafu. Zamu ya Kamera ilipokwisha alitakiwa atoke ili mumewe apimwe, akagoma. Alisimama palepale, mikono kiunoni, akataka kujua kwa nini nesi anamshika mumewe begani, kwa nini hakuletwa mpimaji mwanamume, na manukato yale amenunua wapi na kajipaka kwa ajili ya nani. Nesi alikuwa anajibu huku anabonyeza mashine harakaharaka, apate kuwaondoa wote wawili. Majibu yakatoka mazuri: mke asilimia tisini na saba, mume tisini na tano. Kamera alimtania Ngongoti wiki nzima kwamba amempita pumzi.

Sasa mumewe alipotoka bafuni, alimuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa nani anamwandikia asubuhi yote hii.

"Watu wa mtandao tu," Ngongoti alisema, akiifuta meseji bila kumwangalia. "Wanatangaza vifurushi."

Uongo huo ulimuuma kuliko meseji yenyewe. Kwa miaka tisa alikuwa akimtilia mashaka mwanamume huyu, na kwa miaka tisa hakuwahi kumkamata na uongo hata mmoja. Leo amemkamata, na hakuona raha yoyote.

Saa nne kamili aliacha gunia mdomo wazi, akamwambia msimamizi anakwenda chooni, akakata uwanja wa kiwanda na aproni yake imejaa unga. Aliingia zahanati bila kubisha hodi.

Mumewe alikuwa amekaa kwenye stuli, pua imebanwa kwa kibanio, mdomoni ana bomba la mashine. Alimkodolea mkewe macho asiweze kusema lolote. Ungekuwepo ungecheka. Kamera hakucheka.

"Nimekuja kuona hiyo siri yenu," alisema. "Endeleeni, msinionee haya."

"Kaa, dada," nesi alisema.

"Sikai. Wewe una mume?"

"Sina, na wako simtaki. Ila nimemkosea, tena nimemkosea mbele yako."

Kamera alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Nesi akamwonyesha skrini. Mashine, alieleza, hulinganisha pumzi za mtu na za watu wa aina yake, kwa hiyo kabla hajapuliza lazima iandikwe umri, kimo na jinsia. Siku ile, baada ya kumpima Kamera, alibadilisha umri, akabadilisha kimo, jinsia akaisahau. Ngongoti alipimwa kama mwanamke.

"Sasa kuna tofauti gani?" Kamera aliuliza. "Mapafu si mapafu?"

"Chukua mwanamke na mwanamume wa umri mmoja na kimo kimoja. Kwa kawaida mapafu ya mwanamume huwa makubwa zaidi. Vinasaba vina sehemu yake katika hilo, ndivyo miili inavyojengwa. Mwanamke hana upungufu, ana kipimo chake tu. Pumzi alizotoa mumeo, kwa mwanamke mrefu kama yeye, ni kifua kizima. Kwa mwanamume, ni kifua kilichopungua karibu robo."

"Umempima tena?"

"Sasa hivi, mara tatu. Ni yaleyale."

"Wewe ndiyo kazi yako. Ulisahauje kitu kama hicho?"

"Ulikuwa unaniuliza manukato yangu nimenunua wapi."

Kamera akakaa. Safari hii hakuna aliyemwambia akae.

Ngongoti alivua kibanio puani. Alikiri kwamba anajua tangu juzi, nesi alipogundua kosa lake na kumweleza. Vumbi la unga linamla kifua, na uongozi umekubali kumtoa kwenye kinu, lakini kazi iliyo wazi mbali na vumbi ni moja tu.

"Kazi gani?"

Mume alitazama sakafu. Nesi ndiye aliyejibu. "Karani wa mapokezi. Hapahapa zahanati. Meza ile pale."

Meza ilikuwa hatua tatu kutoka kiti cha nesi. Kamera alizihesabu.

"Nimeshakataa," Ngongoti alisema. "Ameniita leo anibembeleze tena, nikamwomba wewe usijue."

"Yaani ungebaki kwenye vumbi?"

"Nikikaa hapa, kila jioni nitahojiwa mpaka usingizi unichukue. Miaka tisa nimehojiwa, mke wangu. Nimechoka. Nimeona bora kikohozi."

Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo palipomchoma. Aibu ilimshika Kamera, aibu ya kweli, ya kutaka ardhi ipasuke. Lakini wivu nao haukwenda popote. Alikuwa anauona kabisa: mumewe mezani pale tangu asubuhi hadi jioni, manukato yale yanamfikia, wanachekeana mambo ambayo yeye hatayasikia. Picha hiyo aliichukia kwa moyo wake wote.

Alichukua fomu ya uhamisho juu ya meza, akamwekea mumewe mapajani pamoja na kalamu ya nesi.

"Andika."

"Utaweza?"

"Sitaweza," Kamera alisema, machozi yanamtoka. "Nitaona wivu kila siku. Huo ni mzigo wangu, nitaubeba mwenyewe. Wewe kitoe hicho kifua kule. Nakitaka."

Ngongoti akaichukua kalamu, akaandika. Nesi, kwa nia njema, akamhakikishia kwamba kuanzia kesho mlango wa zahanati utakaa wazi muda wote, apite aone anavyotaka.

Kamera alijifuta uso kwa aproni, akatazama uwanja wa kiwanda, kule upepo unakoleta vumbi jeupe kutoka chumba cha kusagia.

"Hapana," alisema akitoka. "Mlango ufunge."

Akaufunga yeye mwenyewe, kwa nje, akarudi kwenye magunia yake.